Bustani Iliyofunga Ramadhani

Kila asubuhi Kayitare aliinama mbele ya bustani ya Saidati, akafuta kioo cha kipimo kwa leso yake nyeupe, akasoma namba kwa sauti kama padri anayesoma injili, kisha akanyanyuka na kwenda zake. Namba ilikuwa inapanda. Vitunguu vilikuwa vinalala. Na yeye akaenda zake! Kama kuna anayeweza kueleza ustaarabu wa namna hiyo umetoka wapi, ajitokeze, kwa sababu Saidati aliutafuta karibu mwezi mzima asiuone.

Kipimo chenyewe kilikuwa kitu kipya pale Gisenyi mwaka ule wa 1952. Bwana agronomu, Mbelgiji aliyesimamia bustani za mboga kando ya mfereji uliotoka mto Sebeya, alivipokea vipimo hivyo ndani ya sanduku, akachomeka kimoja katika kila bustani. Lilikuwa bomba la urefu wa mkono. Chini lilikuwa na kikombe cha udongo wa kuchoma, juu lilikuwa na kitu kama saa yenye mshale mmoja. Bomba lilijazwa maji likazibwa. Udongo ukikauka uliyanyonya maji yale kupitia kikombe, na mshale ukapanda. Udongo ukilowa, mshale ukashuka. Watu hawakujisumbua na jina lake la Kifaransa. Walikiita pimakiu, na sheria yake ilieleweka kwa kila mtu: mshale ukivuka hamsini, bustani ina kiu, moniteri anakuja na ufunguo na kufungua mlango wa maji wa bustani hiyo. Usipovuka, mlango unabaki na kufuli lake. Kumwagilia kwa ndoo kulipigwa marufuku, eti kunaharibu majaribio.

Moniteri ndiye Kayitare. Alikuwa kijana wa Busasamana, kule chini ya milima ya volkano, aliyetoka shule ya kilimo na cheti chake, na kaptula yake ya kaki ilikuwa imenyooshwa kwa pasi hata siku za matope. Hakuwa mwizi wala mlevi. Afadhali angekuwa mlevi, maana mlevi husahau kufunga kufuli. Huyu hakusahau kitu.

Saidati alikuwa mjane wa dereva wa lori, akikaa mtaa wa Waswahili na wanawe. Bustani yake ilikuwa sehemu ya juu, penye ile changarawe nyeusi ya volkano inayomeza maji na kukauka upesi. Tangu mumewe afariki, shemeji yake aliyekuwa Goma hakuacha kumtumia watu waje wamwambie ahamie kwake na watoto, ahesabiwe pamoja na wake zake jikoni. Na kila mara Saidati aliwajibu wajumbe hao maneno mawili tu: nina bustani. Basi sheria ya bustani zile ilikuwa ngumu. Ambaye mazao yake yanakufa kwa uzembe, ananyang'anywa, anapewa mwingine. Bustani ikienda, jibu la Saidati linakwenda nayo, na Goma inamngoja.

Balaa lilianzia kwenye neno moja. Siku chache kabla ya mwezi kuandama, Kayitare aliwakusanya wenye bustani kupanga zamu za kusafisha mfereji, kazi ya jua la utosi. Saidati akasimama kuwasemea wanawake wenzake wa mtaa wa Waswahili, waliopakana naye huko juu.

"Moniteri, mwezi yenye inakuja, sisi wa huku juu tunafunga," alisema. "Tunaomba utuelewe."

"Munafunga?" aliuliza Kayitare. "Mwezi muzima?"

"Mwezi muzima, inshallah. Ni lazima."

Kayitare alimtazama, akawatazama na wenzake, wote wakatikisa vichwa kukubali. "Bon. Kama munafunga, munafunga. Mi siwezi kulazimisha mutu. Ni shauri yenu."

Saidati alirudi nyumbani amefurahi. Aliwaambia watoto kwamba yule moniteri, pamoja na ujana wake na Ukatoliki wake, ni mtu anayeheshimu dini za watu, na usiku ule akamwombea dua. Baadaye alitamani sana kuirudisha.

Maana Kayitare hakusikia alichoambiwa. Kwao, mtu anayejinyima chakula kwa ajili ya Mungu husemwa kwamba anasiba, na yeye mwenyewe alisiba kila Kwaresima. Kufunga alikujua pia, lakini kwa milango, kwa kufuli na kwa wafungwa. Kwa hiyo alichosikia, na kukiamini kwa moyo wake wote, ni kwamba wanawake wa huko juu wameamua kufunga milango yao ya maji mwezi mzima, kwa sababu wanazozijua wenyewe. Aliona ajabu kidogo. Lakini shuleni walimfundisha kwamba wakulima wana mambo yao, na cheti kikamwambia asiulize. Swali moja tu, jamani, swali la kumaliza kabla hujapiga chafya: munafunga nini? Hakuliuliza. Alitia kufuli, akatikisa kuona kama limeshika, akaenda nyumbani kula.

Mwezi ukaandama na mvua zikakatika karibu siku ileile. Jua la kiangazi likaanza kazi yake juu ya changarawe nyeusi. Vitunguu vya Saidati ndiyo kwanza vilikuwa vinajaza chini, wakati ambao kitunguu hakitaki mchezo na maji. Mshale ukafika hamsini, ukapita. Saidati akangoja. Bustani za chini, kwa akina Xavérine, mke wa mvuvi na rafiki wa Saidati wa siku nyingi, milango ilifunguliwa kila mshale ulipodai, na kabichi zikanenepa. Huko juu hakikuja hata kijiko.

"Moniteri," alisema Saidati asubuhi moja, akijitahidi kuweka sauti ya adabu, "mushale imepita hamsini tangu juzi. Maji iko wapi?"

Kayitare akamwangalia kwa mshangao wa kweli. "Mama, si munafunga?"

"Ndiyo, tunafunga."

"Donc!" Kayitare alikunjua mikono. "Mukimaliza kufunga, tutafungua."

Akafuta kioo, akasoma sitini kwa sauti, akaondoka. Saidati alibaki amesimama katikati ya matuta. Ala! Kumbe ndivyo ilivyo? Kwa sababu yeye hanywi maji mchana, kitunguu chake nacho kisinywe? Na anayeyasema haya ndiye aliyeombewa dua? Damu ilimchemka hadi masikioni. Maneno yalimjaa mdomoni, mengine ya lugha ya madereva ambayo marehemu mumewe alimwachia, lakini swaumu haizuii tumbo peke yake, inazuia na ulimi. Akameza mate, kama mate yanaruhusiwa kumezwa kwa hasira namna ile.

Wenzake walishika tama wakasema tumwachie Mungu. Saidati aliona Mungu ameshaachiwa mengi mwaka ule. Akaenda tena kwa Kayitare siku nyingine, akajibiwa yaleyale. Akaenda kwa mara nyingine, akaambiwa asubiri mwezi wao uishe. Mwezi wao! Alivyolitamka, ungedhani ni kosa la kufungwa jela.

Lakini lililomkera kuliko yote ni kopo. Udongo ukikauka kupita kiasi, lile bomba lilinyonywa hadi likapungukiwa na maji ndani, na mshale ukaanza kusema uongo. Hilo Kayitare hakuliruhusu. Alikuja na kopo la maji safi yaliyochemshwa nyumbani kwake, akafungua kizibo taratibu, akamimina, akangoja mapovu yatoke, akamimina tena hadi bomba likajaa, akapangusa midomo yake kwa leso, midomo ya bomba, kisha akakaza kizibo. Bomba lilinyweshwa mbele ya vitunguu vinavyokufa. Saidati aliyatazama maji yale, safi, ya kuchemshwa, akahisi kama ametukanwa yeye na ukoo wake wote. Yaani kipimo cha kiu kinahudumiwa, na mwenye kiu anaangaliwa!

Siku ile, alipokwisha kufuturu, alichukua ndoo akateremka mtoni. Marufuku au si marufuku, alipanda na kushuka hadi mikono ikakosa nguvu, akalowesha matuta machache ya mbele, yale yaliyozunguka bomba, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu na njia. Asubuhi Kayitare akainama, akafuta kioo, akashtuka kama aliyeona nyoka. Mshale ulikuwa umeanguka.

"Nani ameingiza maji huku?" aliuliza kwa sauti iliyowafikia watu wa chini. "Mama, si munafunga?"

"Kufunga yangu inakuhusu nini wewe?" Saidati alipasuka. Adabu ilikuwa imekwisha. "Mi nafunga tangu alfajiri, na swaumu yangu iko safi! Jua ikizama, nafungua!"

"Unafungua?" Mkono wa Kayitare ulikwenda kiunoni, kwenye funguo zake. Zote zilikuwepo. "Unafungua na nini? Nani alikupa ufunguo?"

"Ufunguo gani? Mi nafungua na uji!"

"Na uji?"

"Na uji! Na kiazi, kama iko! Ulitaka nifungue na nini, nyama ya ng'ombe?"

Watu wa chini waliangua kicheko. Kayitare akawaka uso. Aliamini kwa dhati kwamba anadhihakiwa kazini, mbele ya raia, na mwanamke ambaye ni wazi ana njia yake ya siri. Akaenda mbio hadi mlango wa maji, akapiga magoti, akachungulia tundu la kufuli kuona kama limetiwa uji. Aliingiza hata kijiti akakinusa. Hakuona kitu, na kutokuona kitu kukamtia wasiwasi zaidi. Mchana akarudi na mnyororo na kufuli la pili, kubwa, la aina wanayofungia maghala kule bariyeri, kwenye mpaka wa Goma.

"Kazi ya Bwana haichezewi na uji," alisema, akikaza mnyororo. "Na ndoo nikiiona tena, naichukua."

Cheka ukitaka. Bustani zote zilicheka, na hata wanawe Saidati walipohadithiwa walificha nyuso zao kwenye mikono. Ila vitunguu havikucheka. Majani yaligeuka rangi ya majani ya kuezekea, yakalala upande mmoja, na ukibonyeza kitunguu chini ya udongo unakuta ngozi imezunguka hewa.

Mwezi ulipokaribia mwisho ikajulikana kwamba Bwana agronomu atapita kukagua. Kayitare akatangulia, akachomeka kijiti cha rangi nyekundu katika kila bustani iliyokufa, na kila mtu alijua maana yake. Cha Saidati alikichomeka karibu na bomba. Hakuonyesha furaha, na hilo Saidati aliliona, lakini lilikuwa na faida gani? "Mi nilisema ni shauri yenu," alinung'unika, akaenda kwa jirani kuchomeka kingine. Jioni mjumbe wa shemeji akavuka kutoka Goma. Habari za kijiti zilikuwa zimemfikia shemeji kabla ya futari, na ujumbe wake ulikuwa kwamba chumba kimefagiliwa.

Xavérine alipanda juu na kikapu cha viazi vitamu vya kufuturia. Alikaa na rafiki yake kwenye ukingo wa tuta, akakitazama kile kijiti, akahema.

"Yewe Saidati, pole sana dada. Mi nilikuwa naogopa kukuuliza, nisikosee dini ya mutu. Lakini dini yenu iko nguvu kabisa. Hata kitunguu inafunga?"

"Kitunguu inafunga namna gani?" aliuliza Saidati, akidhani amesikia vibaya.

"Si mulimwambia Kayitare mashamba yenu isipate maji mwezi muzima? Alitueleza sisi wote: wale wa juu wamefunga maji, wamesema wenyewe, ni lazima kwao. Mi nikajua ni Ramadhani. Nikamwambia bwana wangu, angalia imani ya hawa watu! Sisi Kwaresima tunaacha nyama tu, na tunalia."

Saidati alianza kuyapanga maneno ya mwezi mzima, moja juu ya lingine, kama mtu anayepanga matofali ili aone ni nyumba ya namna gani. Munafunga. Mwezi muzima. Ni shauri yenu. Mukimaliza kufunga, tutafungua. Nani alikupa ufunguo. Kicheko kilimpanda kifuani kikakwama njiani, na hasira ikakipita ikatoka mbele yake. Mwezi wote alimchukia Kayitare akidhani anaonewa kwa ajili ya dini yake. Kumbe hakuonewa hata kidogo. Angekuwa anaonewa, angalau ingekuwa kuna mtu aliyemfikiria. Vitunguu vyake vilikufa kwa sababu kijana mmoja mwenye cheti hakuona kama jambo lake linastahili swali la pili.

"Mi sikukataa maji," alisema taratibu. "Xavérine, sikia. Mi nilikataa kuzibua mufereji saa sita. Basi."

"Yoo! Mana yanjye!" Xavérine aliweka mikono kichwani.

Kesho yake gari la Bwana agronomu lilifika jua likiwa katikati. Saidati alikuwa amesimama kando ya kijiti chekundu tangu asubuhi, midomo imekauka, na Xavérine nyuma yake. Bwana yule alijua Kiswahili cha kuagiza tu, lete na peleka, kwa hiyo yote yalipitia kinywani mwa Kayitare. Saidati alieleza bila kupaza sauti: neno alilolisema, maana yake kwao, na alilofanyiwa. Kayitare alianza kutafsiri kwa haraka, halafu polepole, halafu akanyamaza kabisa. Bwana akamwambia aendelee. Akaendelea, macho chini, na kwa haki yake tuseme hakuficha kitu, hata uji aliutafsiri.

Bwana agronomu alicheka. Alicheka akashika kiuno, akavua kofia akajipepea, akasema neno la Kifaransa na kulirudia.

"Anasema nini?" aliuliza Saidati.

"Anasema ni kusikiana vibaya."

"Nani alisikia vibaya?"

Kayitare akauliza, akajibiwa. "Anasema hakuna mutu. Ni neno tu."

"Neno tu." Saidati alikigeukia kipimo, akakinyooshea kidole. "Na hii? Hii nayo ilisikia vibaya? Hii haijui Kiswahili, haijui Ramadhani. Kila asubuhi ilikuambia mi niko na kiu. Ulisoma na mudomo yako, mi nilikuwa hapa: sitini, sabini. Hata maji ya kunywa uliipatia, isichoke kukuambia. Sasa ulikuwa unapima ya nini? Kama mutu anasema nakufa, na we unasikia, na we unarudia kwa sauti nakufa, nakufa, kisha unaenda kula, we ni nani?"

Kayitare alitafsiri. Sauti yake ilikuwa ndogo. Bwana agronomu akaacha kucheka, akasikiliza kwa makini, na uso wake ukachangamka. Akasema mama huyu amesema kweli tupu: kipimo hakikukosea hata siku moja. Hata katika changarawe mbaya kama hii, mwezi mzima bila maji, kimefanya kazi! Hili halikuwa limejaribiwa kwingine. Akainama akakipapasa kile kioo kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto aliyefaulu mtihani. Halafu akaagiza maji yafunguliwe.

Kayitare akafungua kufuli la kwanza, akafungua na la pili, akaburuta mnyororo. Maji yakaingia. Yalipita juu ya matuta, yakayainua majani makavu na kuyasukuma huku na huku, changarawe ikavuta kwa sauti. Wote wakasimama wakiutazama mshale. Ulikaa, ukatetemeka, ukaanza kuteremka. Arubaini. Ishirini. Kayitare akasoma kumi, kwa mazoea tu, na Bwana agronomu akapiga makofi, akasema voilà. Bustani haina kiu tena. Akang'oa kile kijiti chekundu kwa mkono wake mwenyewe, akamkabidhi Saidati, akamwambia abaki na bustani yake, kila kitu sasa ni kizuri.

Kwa hiyo Goma haikumpata. Lazima isemwe, kwa sababu ni kweli, na jioni ile mjumbe wa shemeji alirudi na jibu lilelile la siku zote. Lakini Saidati aliyatazama maji yale mengi, yaliyokuja yanapita kwa fahari juu ya maiti, akawatazama wanaume wawili walioridhika kwa sababu mshale umeridhika, akaona kwamba hakuna hata mmoja aliyekwisha kuvitazama vitunguu. Hata mara moja. Hawakuviangalia vilipokuwa hai, na hawakuviangalia sasa.

Akakitupa kijiti. Akapiga magoti ndani ya maji, akang'oa vitunguu kwa viganja viwili. Vilitoka bila kushikilia. Akasimama akaviweka mikononi mwa Kayitare, juu ya leso yake nyeupe, tope likichuruzika kwenye kaptula ya pasi.

"Soma na hizi," alimwambia.

Kayitare alivitazama. Bwana agronomu alikuwa ameshatangulia kwenye bustani ya pili, anamwita kwa jina, na kwa mara ya kwanza tangu apewe zile funguo, Kayitare hakuitika. Alisimama pale maji yakimwingia viatuni.

"Pole, mama," alisema mwishowe. "Pole kabisa."

Saidati alikuwa ameshapiga magoti tena, anang'oa tuta linalofuata.

"Shika muzuri," alimwambia bila kuinua kichwa. "Ziko ingine mingi."